Rundo kubwa, ng'ombe aliyekonda: wingi na ubora wa nyasi za malisho katika maeneo makame

Mfugaji wa eneo kame akiulizwa malisho yake yakoje mwaka huu, mara nyingi hujibu kwa kimo au kwa idadi: nyasi zimefika magotini, au ghala limepokea marobota mia mbili. Hayo ni majibu ya wingi. Miezi minne baadaye, kiangazi kikiwa kimekaza, ng'ombe wake huenda wamekonda na mbavu zinahesabika, huku nusu ya marobota yale ingali ghalani. Hapo ndipo hubainika kwamba swali lilikuwa na sehemu ya pili ambayo haikuulizwa. Wingi na ubora wa nyasi vimezoeleka kufundishwa kama mada mbili, kana kwamba mtu anaweza kutafuta kwanza nyasi nyingi kisha ndipo ashughulikie ubora wake, lakini ndani ya tumbo la ng'ombe mambo hayo mawili ni jambo moja, kwa sababu ubora wa nyasi ndio unaoamua ni kiasi gani cha nyasi hizo ng'ombe ataweza kula.

Tuanze na wingi, kwa kuwa nao una mtego wake. Nyasi mbichi huwa na maji kiasi cha asilimia 70 hadi 80 ya uzito wake, ilhali nyasi zilizokaushwa vizuri, yaani hei, hubaki na asilimia 15 hivi. Kulinganisha kilo za nyasi mbichi na kilo za hei ni sawa na kulinganisha ndoo ya maji na gunia la nafaka, na ndiyo maana wataalamu wa malisho huhesabu kila kitu kwa uzito mkavu, yaani uzito unaosalia maji yote yakiondoka. Kuupima hakuhitaji maabara. Mtu huchukua fremu ya mraba yenye urefu wa mita moja kila upande, hukata nyasi zote zilizomo ndani yake sentimita chache juu ya ardhi, huzikausha mpaka uzito usishuke tena, kisha huzipima kwa gramu. Gramu hizo zikizidishwa kwa kumi huwa kilo za uzito mkavu kwa hekta moja. Jambo gumu ni uaminifu wa mpimaji: malisho ya nchi kavu yana mabaka, hapa kichaka cha nyasi, pale udongo mtupu, na mkono wa mtu hupenda kuiweka fremu mahali palipopendeza. Fremu kumi zilizotupwa bila kuchagua zina thamani kuliko moja iliyowekwa kwa mapenzi.

Kinachoziotesha nyasi hizo ni mvua, na hapa hesabu inasaidia kuonyesha kinachopotea. Milimita moja ya mvua juu ya hekta moja ni lita 10,000 za maji. Mwaka 1984 mwanaikolojia Mfaransa Henri Le Houérou alikusanya vipimo vya malisho makame kutoka sehemu mbalimbali za dunia, akaona kwamba kwa wastani kila milimita ya mvua ya mwaka huzaa kama kilo 4 za uzito mkavu kwa hekta. Wastani huo unaficha tofauti kubwa, kwa kuwa ardhi iliyochoka, yenye gamba gumu juu na mashina machache ya nyasi, inaweza kutoa kilo moja tu au chini yake kwa mvua ileile. Maji yaliyopaswa kuingia ardhini hukimbilia korongoni au huondoka kama mvuke kutoka kwenye udongo usiofunikwa. Hii ina maana kwamba majirani wawili waliopata mvua sawa hawajapata mwaka sawa, na mara nyingi anayelalamikia uhaba wa mvua analalamikia, bila kujua, uso wa ardhi yake. Tena mavuno ya nyasi huyumba kuliko mvua yenyewe: mabadiliko yake kati ya mwaka na mwaka ni makubwa zaidi kwa karibu mara moja na nusu, kwa hiyo anayepanga idadi ya mifugo kwa kufuata mwaka wa kawaida atakuwa na ng'ombe wengi mno katika mwaka mbaya.

Chukua sasa eneo linalopata milimita 400 kwa mwaka. Kwa wastani ule litatoa kilo 1,600 za uzito mkavu kwa hekta. Nusu yake inapaswa kubaki shambani, kwa sababu nitakazozieleza mbele, hivyo zinabaki kilo 800 za kuliwa. Ng'ombe wa kilo 250, ambaye ndiye kipimo kinachotumika sana katika kukadiria mifugo ya nchi za joto, hukadiriwa kula asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 6.25, na kwa mwaka kama kilo 2,280. Jibu ni hekta karibu tatu kwa ng'ombe mmoja. Hesabu hii imo katika miongozo mingi na si mbaya kama mwanzo, lakini imebeba dhana moja iliyojificha: kwamba ng'ombe atakula asilimia 2.5 ya uzito wake hata nyasi ziwe za namna gani.

Hatakula. Ili kuelewa sababu, inafaa kuitazama nyasi kama chumba chenye kuta. Ndani ya kila seli kuna sukari, protini na madini ambayo ng'ombe huyameng'enya karibu yote, na kuizunguka seli kuna ukuta wa nyuzinyuzi uliojengwa kwa selulosi na kuimarishwa kwa lignini, ambayo ndiyo huipa mbao ugumu wake. Katika miaka ya 1960 mwanasayansi Mmarekani Peter Van Soest alibuni njia ya kuvitenganisha viwili hivi kwa kuchemsha sampuli katika myeyusho wa sabuni maalumu: vilivyomo ndani ya seli huyeyuka, kuta hubaki, nazo hupimwa. Njia hiyo bado ndiyo msingi wa vipimo vya malisho katika maabara nyingi. Kuta zenyewe si takataka, maana ng'ombe ni mnyama acheuaye na tumbo lake kubwa la kwanza, rumeni, limejaa bakteria wanaoweza kuivunja selulosi, kazi ambayo tumbo la mtu haliiwezi. Lakini bakteria hao hufanya kazi hiyo polepole, na lignini huwafungia mlango. Nyasi haziondoki kwenye rumeni mpaka zitafunwe upya na kuvunjwa ziwe vipande vidogo, kwa hiyo kadiri kuta zinavyokuwa nyingi na ngumu ndivyo shehena inavyokaa tumboni muda mrefu, na shehena ikikaa hakuna nafasi ya nyingine. Ng'ombe wa namna hiyo ameshiba na ana njaa kwa wakati mmoja.

Bakteria nao wanahitaji kulishwa, hasa naitrojeni, ambayo hupimwa kwa jina la protini ghafi. Jina hilo lina maana yake: maabara haipimi protini bali naitrojeni, kisha huizidisha kwa 6.25, kwa kuwa protini kwa wastani ina asilimia 16 ya naitrojeni. Tafiti za nyasi za nchi za joto zimeonyesha kwamba protini ghafi ikishuka chini ya takriban asilimia 7 ya uzito mkavu, bakteria huzubaa, umeng'enyaji hupungua, na ng'ombe huanza kula kidogo zaidi. Nyasi zilizosimama zikakauka kiangazi mara nyingi huwa na asilimia 2 hadi 4 tu.

Hapa ndipo mfano wa namba unapofaa, na nasisitiza kwamba ni mfano. Tuseme hekta moja ikikatwa mapema, masuke yakianza kuchomoza, inatoa kilo 2,500 za uzito mkavu zenye protini ghafi asilimia 11, na asilimia 60 ya nyasi hizo humeng'enyeka. Ikiachwa mpaka mbegu zikomae inatoa kilo 4,000, lakini protini imeshuka hadi asilimia 5 na kinachomeng'enyeka ni asilimia 45. Kwa macho, rundo la pili limeshinda. Kwa protini, la kwanza lina kilo 275 na la pili 200, kwa hiyo kungoja kumepoteza kilo 75 ambazo mfugaji alikuwa nazo mkononi. Kwa jumla ya kinachomeng'enyeka, hata hivyo, la pili bado linaongoza, kilo 1,800 dhidi ya 1,500, na wengi huishia hapa wakisema kwamba afadhali wingi.

Tuendelee mpaka mdomoni. Ng'ombe wetu wa kilo 250 atakula kilo 6.25 za nyasi za mapema, atapata kilo 3.75 za kitu kinachomeng'enyeka, na ataongezeka uzito. Za kuchelewa atakula labda kilo 4 kwa siku, atapata kilo 1.8, na kwa kuwa anahitaji zaidi ya kilo mbili ili abaki tu alivyo, atapungua kila siku akiwa amesimama mbele ya chakula. Rundo la kwanza litamtosha siku 400 za kukua, na la pili siku 1,000 za kukonda. Kuliongeza rundo la pili hakutamsaidia hata kidogo, kwa sababu tatizo halipo ghalani.

Simaanishi kwamba kukata mapema ndilo jibu la kila mtu. Mwenye ndama wanaokua au ng'ombe wanaokamuliwa hana sababu ya kungoja mbegu, lakini anayetaka tu kuwavusha ng'ombe wakavu, yaani wasiokamuliwa, mpaka mvua ijayo anaweza kuhitaji siku nyingi kuliko siku nzuri, mradi ajue atakachoongeza. Nyasi zenye protini asilimia 5 hubadilika tabia zikipewa mwenzi mwenye naitrojeni: mashudu ya pamba au alizeti, majani ya lusina, au hei ya jamii ya kunde. Kilo moja hivi ya mashudu kwa siku huwaamsha bakteria wa rumeni, na ng'ombe hula nyasi zilezile mbovu kwa wingi zaidi kuliko alipokuwa akizila peke yake. Kwa hiyo nyongeza nzuri haichukui nafasi ya nyasi bali huifungulia njia, na kosa la kawaida ni kungoja mpaka ng'ombe wameshakonda ndipo ianze kutolewa.

Ubora unashuka hivyo hasa kwa sababu ya umri. Nyasi changa ni majani. Nyasi kuukuu ni mabua, nayo majani huwa na protini karibu mara mbili ya mabua. Nyasi nyingi za nchi za joto zinaweza kuwa na asilimia 12 hadi 15 za protini ghafi katika wiki ya tatu au ya nne baada ya kuchipua, na kufika asilimia 6 hivi zikichanua. Joto huharakisha safari hiyo, maana katika siku za joto kali mmea hukimbilia kujenga kuta. Nyasi za kitropiki zina mzigo mwingine wa kimaumbile: namna yao ya kutengeneza sukari huwawezesha kukua haraka kwa maji machache kuliko nyasi za nchi za baridi, lakini kwa ajili ya hilo mishipa ya majani yao imezungukwa na seli zenye kuta nene, hata kumeng'enyeka kwao huwa chini ya zile za baridi kwa zaidi ya alama kumi za asilimia kwa wastani. Ustahimilivu wao na ugumu wao vimetoka mahali pamoja.

Ingedhaniwa basi kwamba ukame huharibu ubora pia. Mara nyingi huwa kinyume. Nyasi iliyopungukiwa maji kwa kadiri huchelewa kutoa bua, hubaki fupi na yenye majani mengi, na kilo yake huwa bora kuliko ya nyasi iliyopata mvua tele. Kinachopungua ni idadi ya kilo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Mali na Uholanzi walilichunguza jambo hili katika malisho ya Saheli, wakaona kwamba kaskazini, karibu na jangwa, ukuaji huzuiwa na maji, lakini kusini, kuanzia mahali mvua inapopita milimita 300 hivi, kinachozuia zaidi ni naitrojeni na fosforasi ya udongo. Nyasi za kusini zilikuwa nyingi na zenye protini haba. Za kaskazini zilikuwa chache na zenye protini maradufu au zaidi. Maelezo yake ni mepesi: udongo hutoa kiasi fulani cha naitrojeni kwa msimu, na kiasi hicho kikienea katika nyasi nyingi huwa hafifu, kama kijiko kimoja cha sukari katika birika zima badala ya kikombe. Wafugaji wanaohamia kaskazini wakati wa mvua na kurudi kusini kiangazi walikuwa wakifuata hesabu hiyo muda mrefu kabla haijaandikwa.

Mvua za kwanza nazo zina siri yake. Mwaka 1958 mtaalamu wa udongo H. F. Birch, aliyekuwa akifanya utafiti huko Muguga nchini Kenya, alieleza kwamba udongo uliokauka ukiloweshwa ghafla huachia naitrojeni nyingi kwa siku chache, kwa kuwa vijidudu vya udongo huamka na kuozesha kwa kasi mabaki yaliyokuwa yamelala. Ndiyo maana nyasi za wiki za mwanzo huwa na kijani kizito na protini nyingi. Ndiyo maana pia zina hatari. Mtama na nyasi za jamii yake, zilizodumaa kwa ukame au zinazochipua upya, hukusanya sumu ya sianidi, kwa hiyo husubiriwa zivuke nusu mita au zaidi kabla ya kulishwa. Sumu hiyo hupungua sana nyasi zikianikwa zikakauka vizuri. Naitreti, sumu nyingine itokanayo na naitrojeni, ambayo pia huweza kulundikana katika mmea uliobanwa na ukame kwenye udongo wenye rutuba, haipungui kwa kukaushwa.

Nimesema nusu ya nyasi inapaswa kubaki. Sababu kubwa iko chini ya ardhi. Majaribio yaliyofanyika Marekani na kutangazwa mwaka 1955 yalionyesha kwamba nyasi ikipunguzwa hadi nusu ya majani yake, mizizi huendelea kukua karibu kama kawaida, lakini ikiondolewa asilimia 80 mizizi husimama kabisa kwa takriban siku 12. Katika nchi yenye mvua tele hilo ni pigo dogo. Mahali ambapo msimu mzima ni wiki chache, siku 12 ni sehemu kubwa ya muda ambao mizizi ingekuwa ikishuka kufuata unyevu, na nyasi iliyokatwa kipara mara mbili tatu huingia kiangazi na mizizi mifupi, ikafa, nafasi yake ikachukuliwa na nyasi za msimu mmoja au na magugu. Mabaki yanayosimama pia hulipunguza kasi tone la mvua na kuukinga udongo usijenge gamba.

Uchaguzi wa nyasi za kupanda hufuata mantiki hiyohiyo. Mabingobingo yamesifiwa sana, na kwa haki, lakini ni nyasi za mahali penye mvua nyingi au umwagiliaji. Kuyapeleka penye milimita 500 ni kujitafutia mabua. Nyasi za Rhodes, Chloris gayana, hutambaa na kufunika ardhi upesi, huvumilia chumvi kiasi, na hufaa kwa hei kwa sababu mabua yake ni membamba, ingawa hupenda milimita 600 au zaidi. Penye ukame mkali zaidi hutajwa sana Cenchrus ciliaris, yenye asili ya Afrika na nchi kavu za Asia, ambayo mizizi yake hushuka zaidi ya mita mbili na ambayo huchipua upesi baada ya mvua ndogo. Ustahimilivu huo una upande wa pili: Australia na Arizona, ambako ilipelekwa kama malisho, imevamia maeneo yasiyokusudiwa na kuleta moto mkali mahali ambapo mimea ya asili haikuzoea kuungua. Anayeweza kupata mbegu za nyasi za asili za eneo lake, kwa maoni yangu, aanze na hizo.

Mavuno yenyewe yanaweza kuharibu kilichopatikana kwa taabu. Hei iliyoanikwa mno na kugeuzwa wakati wa jua kali hupukutisha majani, yaani hupoteza hasa sehemu yenye protini, na iliyofungwa ingali na unyevu wa zaidi ya asilimia 18 au 20 huota ukungu, huchemka, na pengine huwaka moto yenyewe ghalani. Nyasi zilizokwisha kuwa mabua makavu zinaweza kuokolewa kwa yurea, mbolea yenye naitrojeni nyingi: kilo 4 hadi 5 huyeyushwa katika lita 50 hivi za maji, hunyunyiziwa sawasawa juu ya kilo 100 za nyasi kavu, kisha rundo hufungwa lisipitishe hewa kwa wiki tatu hivi. Amonia inayotokea hulegeza kuta na kuongeza naitrojeni. Ni kazi inayotaka vipimo sahihi na uangalizi, kwa kuwa yurea iliyosalia imetuama mahali pamoja, au maji yake yakinywewa, huua ng'ombe kwa muda mfupi.

Limebaki jambo moja ambalo protini na nyuzinyuzi hazilielezi. Kuanzia mwaka 1919, huko Armoedsvlakte nchini Afrika Kusini, daktari wa mifugo Arnold Theiler na wenzake walifuatilia ugonjwa uliokuwa ukiwaua ng'ombe malishoni kwa kuwapoozesha. Ng'ombe hao walikuwa wakitafuna mifupa ya mizoga, na mifupa hiyo ilikuwa na sumu ya botulini. Walitafuna kwa sababu nyasi za mahali hapo zilikosa fosforasi, na walipopewa unga wa mifupa waliacha tabia hiyo na kunenepa. Hadi leo ng'ombe anayeokota mifupa ni dalili ya kuaminika kwamba udongo umepungukiwa. Wengi humpa chumvi ya kulamba yenye fosforasi kiangazi, anapoonekana dhaifu, ilhali wakati huo kinachomkwamisha kwanza ni naitrojeni, na fosforasi peke yake hufanya kazi ndogo. Faida yake kubwa hupatikana wakati wa mvua, nyasi zikiwa na protini ya kutosha na mwili wa mnyama ukiwa unajenga mifupa na nyama.